Sauti kubwa, maneno machache: kutafuta chanzo cha kelele na mwangwi kanisani



Katika kigango kimoja wilayani Serengeti, nilikopelekwa kwa mazoezi ya kichungaji, kamati ilikuwa imekwisha kukusanya zaidi ya nusu ya fedha za kununulia spika mpya, kubwa kuliko zile za zamani. Sababu ilijulikana na wote: watu wa nyuma hawasikii masomo. Dominika moja baada ya Misa bibi mmoja alinishika mkono mlangoni. Nikamwamkia, “Shikamoo bibi.” Akajibu, “Marahaba mjukuu wangu. Frateri, mwambie Padre kwamba sauti inafika mpaka barabarani. Maneno ndiyo hayafiki.”

Nilicheka kidogo, kisha nikakaa nalo wiki nzima. Bibi yule hakuwa na elimu ya ufundi, lakini alikuwa ametenganisha mambo mawili ambayo sisi wenye kushika waya tulikuwa tunayachanganya. Sauti ilikuwepo, tena ya kutosha. Kilichokosekana ni uwezo wa kutambua silabi moja isiyofunikwa na ile iliyotangulia. Spika kubwa zaidi zingetupa sauti zaidi ya ile ile.

Jambo hili si la mafundi peke yao. Mwongozo wa Jumla wa Misale ya Kirumi, namba 311, unaagiza kwamba waamini wawezeshwe kuwaona na pia kuwasikia vizuri padre, shemasi na wasomaji, na unataja wazi msaada wa vifaa vya kisasa. Mtume Paulo katika sura ya 10 ya Waraka kwa Warumi anaifunga imani na kusikia. Sasa kama bibi wa benchi la mwisho anapata mlio wa somo bila somo lenyewe, tuna deni kwake.

Kwanza tukubaliane maneno. Kelele za kanisani si za aina moja, na dawa ya moja haiponyi nyingine. Kuna mvumo, ule “mmmm” usiokoma hata msomaji akinyamaza. Huo unatoka kwenye umeme. Kuna mluzi, pale maiki inapolia ghafla na watu wanaziba masikio. Huo unatokea sauti ya spika inaporudi ndani ya maiki, ikakuzwa tena na tena. Na kuna mwangwi, sauti inayobaki hewani baada ya neno kwisha kutamkwa. Mwangwi nao una makao mawili: unaweza kuwa umo ndani ya jengo, au umo ndani ya kifaa. Hapo ndipo wengi hupotea njia, nasi tulipotea.

Kwaya ya kigango kile ilikuwa na gitaa la umeme na amplifaya ya zamani kutoka Marekani, ya aina inayotumia valvu, yaani zile balbu za kioo zinazowaka rangi ya chungwa kwa nyuma. Amplifaya za namna hiyo mara nyingi zina mwangwi wake wa kutengenezwa. Chini ya sanduku kuna bati jembamba refu lenye spiringi mbili au tatu. Sauti ya gitaa inatikisa spiringi upande mmoja, mtikisiko unakwenda na kurudi ndani yake, na upande wa pili unageuzwa tena kuwa umeme na kuchanganywa na sauti ya kwanza. Kampuni ya Hammond ilizitumia kwenye vinanda vyake kabla ya watengenezaji wa amplifaya za gitaa, Fender wakiwemo, kuzichukua mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mbele kuna swichi ya kuzungusha iliyoandikwa Reverb. Ukiirudisha kwenye sifuri, gitaa linapaswa kusikika kavu.

La kwetu halikusikika kavu. Mpiga gitaa aliirudisha hadi mwisho, na bado kila noti iliburuta mkia. Fundi wa kwanza alisema amplifaya ni mbovu. Mwalimu wa kwaya akasema ni kanisa. Walibishana majuma mawili.

Njia ya kumaliza ubishi wa namna hii haina gharama: toa kifaa nje. Jumamosi tuliibeba amplifaya hadi chini ya mwembe, mbali na kuta, tukavuta ekstensheni kutoka sakristia. Uwanjani hakuna bati wala ukuta wa kurudisha sauti, kwa hiyo mwangwi wowote utakaosikia umezaliwa ndani ya sanduku. Tukapiga noti moja fupi na kuizima kwa kiganja. Mkia ulikuwepo, ila mfupi na mdogo kuliko wa kanisani. Maana yake wote wawili walikuwa na haki: sehemu ilikuwa ya spiringi, na sehemu kubwa ilikuwa ya jengo.

Upande wa spiringi, jaribio la pili ni kulitikisa sanduku kidogo kwa mkono huku limewashwa. Spiringi zikigongana hutoa ngurumo kama radi ya mbali. Swichi ikiwa sifuri, ngurumo hiyo isisikike. Ikisikika, mlango haufungiki. Jaribio la tatu: zima amplifaya, chomoa kwenye soketi, halafu tazama nyuma ya lile bati la spiringi. Kuna nyaya mbili, moja ya kupeleka sauti na moja ya kuirudisha. Chomoa ya kurudisha peke yake, washa tena, piga noti. Mkia ukitoweka, umethibitisha kwamba ulipitia kwenye spiringi. Usipotoweka, tafuta kwingine: kifaa cha miguuni cha mpiga gitaa, kwa mfano, au mixa kama sauti inapita huko.

Kwetu ulitoweka. Kosa likawa limebanwa kwenye sehemu ndogo sana, yaani swichi yenyewe na waya wake. Fundi alipofungua alikuta mguu wa swichi unaopaswa kuungwa na chasisi umeachia risasi. Swichi isiyo na mguu huo haiwezi kuizima sauti hata ukiirudisha mpaka ivunjike. Akaichomea dakika chache. Chanzo kingine cha dalili kama hiyo, hasa kwenye amplifaya zilizokaa miaka mingi, ni kapasita za kuchuja umeme zilizochoka. Sauti hupenya kutoka hatua moja kwenda nyingine kupitia njia ya umeme wenyewe, bila kujali swichi.

Hapa nasimama niseme jambo kwa ukali. Fraterini wenzangu wenye mikono myepesi, sanduku la amplifaya ya valvu msilifungue. Ndani yake kuna volti 300 na kuendelea, mara nyingi zaidi ya 400, na kapasita huzihifadhi hata baada ya plagi kuchomolewa. Majaribio yote niliyoyataja yanafanyika kwa nje. Yakishakuonyesha kosa liko upande gani, mpe fundi anayejua kuzimaliza zile volti kabla ya kugusa. Msiiwashe pia bila spika yake kuungwa, maana transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua. Na kwa kifaa kilicholetwa kutoka Marekani, soma maandishi ya nyuma kabla ya jambo lolote. Kule umeme wa nyumbani ni volti 120, kwetu ni 230. Bila transfoma ya kushusha, hutakuwa na mwangwi wala mvumo wa kutafuta. Utakuwa na moshi.

Tukarudi ndani na gitaa kavu. Jengo lilikuwa vile vile.

Makanisa yetu mengi ya Tarime na Serengeti ni ya matofali yaliyopigwa lipu, sakafu ya saruji, na paa la mabati. Ni majengo imara tuliyojengewa kwa jasho la wazee wetu, lakini kwa sikio ni kama pipa. Kitu kigumu na laini usoni kinarudisha karibu sauti yote inayokigonga. Mtu wa kwanza kulipima jambo hili kwa hesabu alikuwa Wallace Clement Sabine, mwalimu kijana wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1895 alipewa kazi ya kutengeneza ukumbi mpya wa mihadhara ambao hakuna aliyeweza kuelewana ndani yake; neno moja lilibaki hewani zaidi ya sekunde tano. Sabine alikuwa anaazima mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani wakati wa usiku, anaipanga ndani, anapima sauti inachukua muda gani kufa, kisha anairudisha kabla ya asubuhi. Kutokana na mito hiyo alipata kanuni ambayo bado inatumika: muda wa mwangwi kwa sekunde ni 0.161 mara ujazo wa ukumbi kwa mita za ujazo, gawanya kwa ukubwa wa eneo linalomeza sauti kwa mita za mraba.

Tuifanyie kazi. Chukua kanisa la urefu wa mita 30, upana 12, na kimo cha wastani mita 6. Ujazo wake ni mita za ujazo 2,160. Kuta, sakafu na paa pamoja ni kama mita za mraba 1,220, lakini kwa ugumu wake tukadirie zinameza asilimia 4 tu, yaani sawa na mita 49. Madirisha yaliyo wazi tuseme mita 20, nayo humeza yote kwa sababu sauti inayotoka nje hairudi. Jumla ni 69, na mwangwi ni sekunde 5. Sasa waingie waamini 400. Mwili wa mtu mmoja pamoja na nguo zake humeza kama mita ya mraba 0.4, kwa hiyo tumeongeza 160. Mwangwi unashuka hadi sekunde 1.5. Makadirio tu, lakini yanatosha kuonyesha kwa nini mixa iliyopangwa vizuri sana Jumamosi kwenye mazoezi, kanisa likiwa tupu, haifai Dominika, na kwa nini Misa ya asubuhi ya katikati ya juma yenye watu 40 haisikiki vizuri ingawa ni tulivu. Mnaosoma hisabati seminarini, pimeni kanisa lenu kwa futi kamba mfanye hesabu hiyo. Ni zoezi zuri kuliko mengi ya kitabuni.

Kanuni ile ile inaeleza pia alichosema bibi. Mtu aliye mita mbili tatu kutoka kwenye spika anapata sauti ya moja kwa moja yenye nguvu kuliko ile inayozunguka kutani. Akisogea nyuma, sauti ya moja kwa moja inapungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili, lakini ile inayozunguka haipungui sana, imejaa jengo zima. Mita chache tu kutoka kwenye spika, mwangwi unakuwa ndio mkubwa. Ukipandisha swichi ya sauti unavipandisha vyote viwili pamoja. Uwiano haubadiliki hata kidogo. Hapo fedha za spika kubwa zingepotea bure.

Kilichosaidia kwetu ni mambo ya aibu kwa udogo wake. Spika zilikuwa zimefungwa juu karibu na mabati, zimeelekezwa ukuta wa nyuma. Tulizishusha na kuziinamisha ziwatazame watu, kwa sababu watu ndio wanaomeza sauti; ukuta unairudisha. Spika moja iliyokuwa karibu na mlango tuliizima kabisa. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, na wale wa nyuma walikuwa wanamsikia msomaji kwanza kwenye spika ya mlangoni, kisha tena kutoka mbele, karibu moja ya kumi ya sekunde baadaye. Ucheleweshaji unaozidi kiasi cha sekunde 0.05 sikio huanza kuusikia kama neno la pili. Kwenye mixa tulipunguza besi ya maiki ya mimbari, maana sauti za chini ndizo zinazodumu zaidi katika majengo haya na hazibebi konsonanti.

Na kisha tukagundua la kuchekesha. Mixa nyingi zinazouzwa siku hizi zina mwangwi wa bandia ndani yake, na kwaya zetu zinaupenda. Wanakwaya walikuwa wanauwasha Jumamosi kwa ajili ya mwimbaji wa solo na kuuacha umewashwa. Dominika msomaji wa somo la kwanza anapanda mimbarini akisoma Isaya kupitia mwangwi wa kompyuta ndogo, ndani ya mwangwi wa jengo. Tulibandika plasta pembeni mwa swichi ile na kuandika kwa kalamu: ZIMA KABLA YA MASOMO.

Maiki nayo ina namna yake. Msomaji asimame kiasi cha kiganja kimoja kutoka kwenye maiki, si mkono mzima. Akiwa karibu, fundi anaweza kushusha sauti, na maiki haitakuwa inaokota kanisa zima. Mluzi pia unapungua. Kuifunika maiki kwa kiganja mluzi unapoanza ni kosa, kwa kuwa kunaiharibia uwezo wake wa kutosikia ya nyuma yake, na mluzi unazidi. Walio na litungu, ala yetu ya nyuzi nane yenye sauti nzito, wasiweke maiki kwenye mdomo wa kisanduku chake. Kile kisanduku kinapokea besi ya spika na kuirudisha. Iweke pembeni, chini kidogo ya daraja la nyuzi, na spika isiitazame.

Mvumo nimeuacha mwisho kwa kuwa ndio rahisi kuukamata, ukiwa na subira. Umeme wetu una mitetemo 50 kwa sekunde, na mvumo wake husikika kwenye 50 au 100. Shusha swichi zote za mixa. Mvumo ukibaki, uko kwenye amplifaya au waya unaokwenda huko. Ukikoma, pandisha moja moja mpaka urudi, umempata mwenyewe. Mara nyingi ni kinanda. Kinanda kimechomekwa soketi ya upande wa kwaya, mixa imechomekwa sakristia, na waya wa sauti umeviunganisha, hivyo waya wa ethi umefanya duara kubwa linalookota mvumo. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja na sikiliza tena. Kuna wanaokata mguu wa ethi wa plagi ili mvumo ukome. Unakoma kweli, na siku waya utakapochubuka ndani, mwanakwaya atashika gitaa kwa mkono mmoja na maiki kwa mwingine, na umeme utapita kifuani mwake. Msikate.

Gitaa lenyewe lina kipimo chake. Mpiga gitaa ajigeuze polepole akiwa amesimama. Mvumo ukibadilika kadiri anavyogeuka, gitaa linaokota kutoka kwenye transfoma au taa za mirija zilizo karibu, na dawa ni kuhama. Ule mlio wa “trrr-trrr-trrr” ni simu ya mtu mfukoni, mara nyingi ya padre au msomaji. Mikwaruzo inayokuja unapogusa swichi ni vumbi. Spiriti kidogo ya kusafishia, kifaa kikiwa kimezimwa. Vigango vinavyotumia sola, invata ya bei nafuu inaweza kutoa mzizimo mkali ambao hakuna swichi ya mixa itakayouondoa. Jaribuni mara moja kwa betri au kwa umeme wa kawaida mlinganishe kabla ya kumlaumu fundi.

Baadhi wameniuliza kuhusu trei za mayai ukutani. Zinameza kidogo sana sauti za juu, hazigusi zile nzito zinazotusumbua, na zinashika moto haraka. Pazia nzito la kitambaa kinene, lililotundikwa kiganja kimoja mbali na ukuta wa nyuma, linafanya kazi zaidi. Kamati ya kigango chetu ilinunua vitambaa hivyo na nyaya mbili nzuri za maiki, na salio likarudi kwa mhasibu. Wiki tatu baadaye bibi alinisimamisha tena, safari hii kumlaumu msomaji kijana kwamba aliruka mstari mzima wa barua ya Mtume Paulo. Alikuwa na haki. Niliangalia kitabu.

Kuna kelele moja ambayo hatukuipatia dawa. Masika inapoanza kupiga mabati, hakuna maiki wala pazia litakalofaa, na kupandisha swichi kunaleta mluzi juu ya mvua. Paroko hukatisha homilia, anaketi, kwaya inaimba mpaka mvua ipungue. Safari moja waliimba nyimbo sita.